Daifuku ya milimita 5: namna ninavyofinyanga wagashi kwa udongo wa polima

Daifuku yangu ya kwanza, kile kitonge kitamu cha Kijapani cha jamii ya wagashi, sikuila papo hapo. Niliiweka kwenye kisahani cheupe, nikaleta rula, taa ya mezani na kisu kikali, nikaikata katikati. Ngozi ya mochi, yaani mchele unaonata uliopondwa, ilivutika kidogo kabla ya kukiachia kisu. Ndani palikuwa na anko, lile rojo zito la maharage ya azuki na sukari, jeusi lenye wekundu kwa mbali. Nikapima: upana sentimita 6, ngozi nene kwa chini na nyembamba juu. Kisha nikaiinua ile nusu mbele ya taa, nikauona weusi wa anko ukipenya kwenye ngozi kama kivuli cha mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daifuku zote nilizokuwa nimezifinyanga mwezi ule zilionekana kama shanga nyeupe. Nilikuwa nafinyanga umbo la nje peke yake. Tangu siku hiyo nafuata mpangilio uleule anaoufuata mtengenezaji wa wagashi jikoni kwake. Kama yeye anaanza na anko halafu anaifunika kwa mochi, nami naanza na anko, hata kama kitonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Kazi inaongezeka, ni kweli, lakini jicho la mtazamaji linaona tofauti hata kama hawezi kuitaja.

Wagashi, kwa asiyezijua, ni vitamutamu vya jadi vya Kijapani vinavyoliwa pamoja na chai. Nyingi hutengenezwa kwa mchele unaonata, maharage na sukari. Zina majira yake: ya machipuko haiandaliwi vuli. Nakushauri uchague moja, uijue vizuri, ndipo uende kwa nyingine.

Udongo wenyewe

Udongo wa polima, licha ya jina lake, hauna udongo wa ardhini ndani yake. Ni unga wa plastiki ya PVC uliochanganywa na kilainishi na rangi. Haukauki kwa hewa. Unabaki laini mpaka uuoke, ndipo chembe zake zinapoungana na kuwa kitu kimoja kigumu. Kwa kazi ndogo hii ni neema kubwa: unaweza kukaa saa tatu juu ya petali za ua moja na udongo ukakusubiri.

Kuna FIMO ya Ujerumani, Cernit ya Ubelgiji, Premo na Kato za Marekani. Kila aina ina joto lake. FIMO huokwa kwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 30, Premo kwa nyuzi 130 na dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene, Kato kwa nyuzi 150. Soma pakiti iliyo mkononi mwako na uifuate hiyo. Mimi hupenda Cernit kwa sababu hata rangi zake za kawaida zina nuru fulani ya ndani, kama kaure nyembamba, na mochi inaihitaji nuru hiyo.

Nusu ya udongo utakaonunua uwe ule unaopitisha nuru. Ukiwa mbichi unaonekana mweupe wa maziwa na utadhani umekosea kununua. Ukishaokwa unakuwa kama jivujivu la barafu. Nusu iliyobaki iwe nyeupe kwa wingi, kahawia iliyokoza, na vipande vidogo vya nyekundu, njano, kijani na nyeusi. Rangi hizo tatu nne hutazimaliza mwaka mzima.

Zana zangu zinaenea ndani ya kopo moja. Kigae laini cha kauri cha kufanyia kazi na kuokea. Wembe mrefu unaopindika. Sindano ya bibi yangu, aliyekuwa mshonaji, ambayo nimeichomeka kwenye kipande cha mbao ili niishike vizuri. Mswaki wa zamani, kibano, foili, karatasi ya kuokea na brashi laini mbili. Chaki za rangi, zile kavu za wachoraji wala si za mafuta. Chupa ndogo ya udongo wa polima wa maji (yaani wa kimiminika, si uliotiwa maji), vanishi ya kung'arisha, na kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni.

Hicho kipimajoto usikiache. Nilipoteza daifuku 22 kwa siku moja, kazi ya jioni nne, kwa kuamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni. Kitufe kilisema 130. Nilipokuja kununua kipimajoto nikakuta ndani ni karibu 160. Udongo unaopitisha nuru ndio wa kwanza kuumia: unageuka manjano, kisha kahawia, na haurudi. Ukizidishiwa joto zaidi ya hapo, PVC huungua na kutoa moshi wenye asidi, unaowasha macho na koo. Ikitokea, zima oveni, fungua madirisha, toka chumbani.

Jambo jingine la usalama nilitaje sasa. Kisu, kisahani au kichujio kilichogusa udongo huu kisirudi jikoni. Na hivi vitu vikikamilika vinafanana na chakula kiasi cha kumdanganya mtoto. Viweke pasipofikika na mkono mdogo.

Vumbi, mikono na kukanda

Nyeupe ikandwe kwanza, kabla ya rangi yoyote. Kahawia ya anko ikishakuingia kwenye mistari ya viganja, nyeupe yako yote itakuwa na uchafu. Vaa nguo isiyotoa nyuzi. Unyuzi mmoja mwekundu wa sweta ndani ya mochi ya milimita 5 unaonekana kama mshipa wa damu. Mimi hufuta vidole na kigae kwa pamba yenye spiriti kila ninapobadilisha rangi. Unyuzi ukiingia, utoe kwa ncha ya sindano kabla hujaoka, kisha pitisha juu yake kidole kilichopakwa tone la udongo wa maji.

Kanda mpaka ufito uupinde bila kupasuka. Kama mikono yako ni ya moto kama yangu, utafika mahali udongo unalegea na kunata, alama za vidole zinabaki kila unapogusa. Uache. Uweke juu ya kigae kilichopoa kwa robo saa. Ukiendelea kulazimisha hapo, utaharibu tu.

Usiuhifadhi udongo mbichi juu ya plastiki ngumu ovyo. Kilainishi chake hula baadhi ya plastiki na kuziyeyusha uso. Karatasi nayo hukinyonya kilainishi hicho, udongo ukakauka. Karatasi iliyopakwa nta, kisha mfuko laini wa kawaida, inatosha.

Rangi ni chini ya unavyodhani

Mochi yangu nyeupe ni sehemu 4 za udongo unaopitisha nuru kwa sehemu 1 ya nyeupe. Ukiongeza nyeupe unapata plasta. Ukiiondoa kabisa unapata jeli. Kwa mochi ya waridi, chukua bonge la mchanganyiko huo lenye ukubwa wa zabibu, ulitie nyekundu kiasi cha punje moja ya ufuta, ukande, utazame. Pengine imeshatosha. Rangi hukolea ndani ya oveni, hasa kwenye udongo unaopitisha nuru, kwa hiyo ile inayokufurahisha ikiwa mbichi itakuja kupiga kelele ikiiva.

Njia ya kujua ni moja: oka kipande cha majaribio. Mimi husukuma kijisahani cha unene wa milimita 2, nakioka, halafu naandika nyuma kwa kalamu sehemu za kila rangi. Nina sanduku la vipande hivi, na ndilo ninalolilinda kuliko zana zote.

Anko ni kahawia iliyokoza, nyekundu kidogo, na nyeusi chembe tu. Isiwe chokoleti. Azuki ina wekundu wa zambarau ndani yake, na ukiusahau huo mtu ataona keki ya kakao. Kijani cha majani ya yomogi, yale yanayotiwa kwenye mochi ya machipuko, ni kijani chenye jivu: kijani, chembe ya kahawia, chembe ya njano. Matcha, ule unga wa chai ya kijani, inakwenda zaidi upande wa njano.

Daifuku, hatua kwa hatua

Nafanya kwa kipimo cha 1:12, kile cha nyumba za wanasesere: sentimita 12 za kweli zinakuwa sentimita 1. Daifuku ya sentimita 6 inakuwa milimita 5. Ukiwa ndiyo unaanza, fanya kwa 1:6 kwanza, milimita 10, ili vidole vijifunze.

Viringisha kitonge cha anko cha milimita 3.5. Kioke kwanza peke yake, dakika 10 tu, kishike umbo. Hatua hii niliikataa kwa muda mrefu kwa uvivu wa kuwasha oveni mara mbili, na kila mara anko mbichi ilikuwa inachafua mochi au kubonyea upande mmoja. Ikishakuwa ngumu, inakuwa kama mbegu: unaifunika utakavyo.

Sasa sukuma mchanganyiko wa mochi uwe mwembamba kama milimita 0.8. Kata duara la upana wa milimita 9. Kwa ncha za vidole yabonyeze maukingo yake pande zote yawe membamba kuliko katikati. Weka kitonge cha anko katikati, geuza juu chini, na uanze kuivuta ngozi kushuka kuelekea chini, ukizungusha kidogo kidogo. Usikunje kama mfuko. Ivute, izungushe, ivute. Hewa itoke kwa chini. Ikibaki ndani itavimba kwenye oveni na kuacha kipele. Kusanya maukingo chini, yabane, kata kilichozidi kwa wembe, lainisha.

Weka juu ya kigae na ukigonge kigae mezani mara mbili kwa upole. Hapa ndipo daifuku inapopata uzito. Mochi ya kweli ni laini, inalala. Tako lake linatanuka kidogo na mgongo unabaki mviringo. Kitonge kilicho duara kamili ni mpira. Bonyeza juu kwa ncha ya kidole kilichopakwa poda, kiasi cha pumzi, na tazama kwa upande: kimo kiwe pungufu kidogo kuliko upana.

Sasa unga. Daifuku hunyunyiziwa wanga ili isinate mikononi, na haing'ai hata kidogo. Kwangua chaki nyeupe kwa wembe upate vumbi, lichukue kwa brashi laini, gusa juu na mabegani, acha sehemu moja wazi. Ni kwenye sehemu hiyo iliyoachwa wazi ndipo kivuli cha anko kitakapoonekana. Chaki ipakwe kabla ya kuoka ili ishike. Vanishi isiguse hapa.

Ukitaka ya stroberi, ichigo daifuku, ambayo watu hupenda kuionyesha ikiwa imekatwa, jenga kutoka katikati vilevile: kitonge kidogo cheupe chenye umbo la koni, ngozi nyembamba nyekundu, kisha anko, kisha mochi. Oka nzima. Itoe, na ikiwa bado ina joto ikate katikati kwa wembe mpya, kwa mkono mmoja ulionyooka, bila kusaga mbele na nyuma. Ukikata mbichi, rangi zote zinaburutana. Ukikata iliyopoa kabisa, inaweza kumeguka. Ile dakika moja ya joto ndiyo nafasi yako. Stroberi ya kweli ina mishipa myeupe inayotoka katikati kwenda kwenye ngozi. Ichore kwa brashi ya unywele mmoja na rangi nyeupe ya akriliki, mistari minne au mitano isiyolingana.

Dango

Hanami dango, ya wakati wa kutazama maua ya cheri, ina vitonge 3 vya unga wa mchele kwenye kijiti kimoja: waridi juu, nyeupe katikati, kijani chini. Nimeona watu wengi wakigeuza mpangilio huo, na anayeijua huliona kosa mara moja. Kila kitonge milimita 2.5. Kijiti ni mwanzi. Pasua kijiti cha mianzi kwa wembe mpaka upate unyuzi wa nusu milimita, kata milimita 12, chonga ncha. Mwanzi unastahimili joto la oveni bila shida, basi okeni vyote pamoja, kijiti kikiwa tayari ndani. Tanguliza sindano kutoboa njia, kisha ingiza mwanzi ukiwa na tone la udongo wa maji. Vitonge viguse na kubanana kidogo, kwa sababu dango ikikaa kwenye kijiti hujilalia.

Mitarashi dango ni jambo jingine. Hii inatokana na Kyoto, kwenye hekalu la Shimogamo, na ya huko huwa na vitonge 5, cha juu kabisa kikiachwa mbali kidogo na wenzake wanne. Hubanikwa, kisha hupakwa mchuzi wa soya na sukari. Oka vitonge vyeupe kwanza. Pitisha chaki ya kahawia na nyeusi kidogo kwenye migongo ili upate alama za moto, kwa madoa, isiwe kivuli laini. Kwa mchuzi, changanya udongo wa maji unaopitisha nuru na vumbi la chaki ya kahawia na chembe ya njano mpaka uwe kama asali. Usitumie rangi ya maji hapa. Maji yatachemka ndani ya oveni na kuacha mapovu. Dondosha kwa sindano, uache ujitiririkie wenyewe katikati ya vitonge, oka tena, ndipo upake vanishi ya kung'arisha. Mchuzi peke yake ung'ae. Sehemu ya mochi isiyopakwa mchuzi ibaki kavu.

Sakuramochi na jani lake

Sakuramochi, kitamutamu cha waridi chenye anko kinachofungwa kwa jani la cheri, ziko mbili. Ya Tokyo na maeneo yake huitwa Chōmeiji, kwa jina la hekalu lililo kando ya Mto Sumida, nayo ni andazi jembamba la waridi lililokunjwa juu ya anko. Ya Kansai, eneo la Kyoto na Osaka, huitwa Dōmyōji, na ngozi yake ni ya punje za mchele zilizovunjwa, unaziona moja moja. Mimi naipenda ya pili, maana ndiyo inayomtaka fundi.

Punje hizo nilizihangaikia sana. Kutoboatoboa uso kwa mswaki kulinipa ngozi ya chungwa. Kilichofanya kazi ni hiki: changanya udongo unaopitisha nuru na nyekundu kidogo mno, usukume kama karatasi, uoke, upoe, kisha uukatekate kwa wembe mpaka uwe makombo yasiyozidi nusu milimita. Makombo hayo yachanganye na udongo mbichi wa rangi ileile, makombo mengi kuliko udongo. Funika anko yako kwa mchanganyiko huu. Ukishaoka, makombo yanaakisi nuru kivyake na udongo unaoyashika unaakisi kivingine, na punje za mchele zinajitokeza zenyewe.

Jani sasa. Jani la cheri linalofunika sakuramochi limekaa kwenye chumvi, na rangi yake si kijani cha jani bichi. Ni kijani cha zeituni kinachoelekea kahawia, lililolegea, lenye unyevu. Sukuma mchanganyiko wa kijani, kahawia, njano na udongo unaopitisha nuru uwe mwembamba kadiri unavyoweza, robo milimita ikiwezekana. Kata umbo la jani lenye urefu wa milimita 8. Tafuta jani halisi dogo lenye mishipa iliyotokeza nyuma, libonyeze juu yake, libandue polepole. Maukingo ya jani la cheri yana meno madogo. Yachokoe kwa sindano, ukisukuma nje kidogo. Kisha lifunike juu ya mochi huku ukiliacha lipinde linavyotaka. Ukilibana kila upande linakuwa nguo ya kubana. Pande mbili zigusane na mochi, ncha ibaki imeinuka. Vumbi la chaki ya kahawia kwenye mshipa wa kati, basi.

Nerikiri, ua la krisanthemu

Hii ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Nerikiri si mochi. Ni rojo la maharage meupe lililokandwa na mochi kidogo mpaka likashika umbo, na hupitisha nuru kidogo sana. Kwa hiyo geuza uwiano: sehemu 2 za nyeupe kwa sehemu 1 ya udongo unaopitisha nuru. Uso wake ni mkavu na laini kama ngozi ya mtoto.

Wajapani wana namna moja ya kutia rangi ambayo inanigusa kila ninapoifanya. Badala ya kupaka waridi juu, wanafunga rojo la waridi ndani ya tabaka jembamba jeupe, na rangi inapenya yenyewe kutoka chini, hafifu hapa, imekolea pale. Huita bokashi. Kwenye udongo inafanya kazi vilevile. Kwa ua la milimita 8 (na nakuomba uanze na ukubwa huu, kwa sababu milimita 4 za kipimo cha 1:12 zitakukatisha tamaa), viringisha anko ya milimita 4 na uioke. Ifunike kwa waridi iliyokoza, ngozi ya milimita 1. Juu yake funika nyeupe ya nerikiri isiyozidi milimita 1, nyembamba zaidi upande wa juu. Viringisha mpaka mshono upotee.

Mtengenezaji wa kweli hutumia kijiti cha mbao chenye pande tatu kiitwacho sankakubera, anachobonyeza nacho mistari ya petali. Mimi nimechonga cha kwangu kutokana na kijiti cha kulia, pande tatu, na ukingo mmoja nikausugua kwa msasa laini mpaka ukawa mkali bila kukata. Laza kitonge kidogo kwa kiganja. Weka alama katikati ya juu kwa sindano. Sasa gawanya: mstari mmoja kutoka chini hadi kwenye alama, wa pili mkabala wake. Kisha miwili katikati ya hiyo. Una robo nne. Gawanya kila robo, una nane. Gawanya tena, una 16, idadi ileile ya petali kwenye nembo ya krisanthemu ya Mfalme wa Japani.

Mkono uanzie chini kabisa, karibu na kigae, ubonyeze kwa nguvu hapo, kisha upande juu ukilegeza, na ukifika kwenye alama uwe hugusi tena. Ukibonyeza sawasawa njia nzima unapata boga. Kule chini ambako umebonyeza kwa nguvu, nyeupe inakuwa nyembamba na waridi inatokeza ndani ya mfereji. Kule juu inabaki nyeupe. Rangi imejipaka yenyewe kwa uzito wa mkono wako. Mara ya kwanza nilipoliona hili niliacha kazi nikakaa nikilitazama tu.

Mstari ukienda kombo usiufute. Ukiulainisha, tabaka zinachanganyika na hutapata tena mpaka wake. Endelea, rekebisha umbali wa ule unaofuata. Ua lenye petali mbili zilizokaribiana zaidi ni ua.

Kwa kitovu, pitisha udongo wa njano kwenye kichujio chenye matundu madogo sana, ukisukuma kwa kidole gumba. Upande wa pili zitatoka nyuzi fupi fupi. Zibebe kwa ncha ya sindano, weka kundi dogo juu ya alama, zishikishe kwa tone la udongo wa maji. Usizibonyeze, ziache zisimame. Krisanthemu ni ya vuli, na Wajapani wana sikukuu yake tarehe 9 Septemba.

Za haraka

Yōkan, ile jeli ngumu ya anko, ni rahisi: anko yenye udongo mwingi unaopitisha nuru, kipande cha pembe nne, kata kwa wembe baada ya kuoka, ng'arisha kwa msasa laini wa maji na vanishi. Minazuki ya Kyoto, inayoliwa tarehe 30 Juni, ni pembetatu nyeupe kama barafu yenye azuki nzima juu. Sehemu 6 za udongo unaopitisha nuru kwa 1 ya nyeupe, na azuki ni vipande vya nusu milimita vilivyokatwa kwenye uzi wa kahawia nyekundu na kubanwa karibu karibu. Dorayaki ni vikeki viwili bapa kama visahani, vya milimita 8, na anko katikati. Kwa dorayaki siri iko kwenye chaki: kahawia ya dhahabu katikati, na ukingo uachwe na mstari mwembamba wa rangi ya unga, maana hapo sufuria haikugusa.

Kuoka

Washa oveni mapema, kipimajoto kikiwa ndani, mpaka joto litulie. Weka kigae chako katikati, mbali na waya za moto, na ukifunike kwa foili iliyokunjwa kama hema ambayo haigusi vitu. Hema hili ndilo linalookoa udongo unaopitisha nuru. Muda uhesabiwe baada ya joto kurudi mahali pake, si tangu ulipofunga mlango. Vitu vidogo hivi navipa dakika 30 kamili hata kama ni vya milimita 3, kwa sababu kisichoiva kinaonekana kigumu leo na kinavunjika kesho. Kwa mochi, navitoa na kuvitumbukiza kwenye maji ya barafu vikiwa bado vya moto. Kwangu nuru yake huongezeka. Nerikiri naiacha ipoe kwenye kigae polepole, nisiisumbue.

Baada ya hapo, gusa chaki inapohitajika, vanishi pale tu palipo na mchuzi au sukari iliyoyeyuka.

Kwa kuviweka mezani, chonga kijiti cha kulia wagashi, kuromoji, kutoka kwenye tawi jembamba: milimita 9, upande mmoja ukiachwa na gamba lake jeusi, mwingine ukiwa mbao nyeupe. Kisahani nakifinyanga kwa udongo mweusi uliochanganywa na wa kijivu, bila kuking'arisha, kikubwa mara tatu ya kitu kinachokaa juu yake. Naweka daifuku moja, mbele kidogo ya katikati, ile sehemu isiyo na unga ikielekea dirishani.